Kwenye kioo ua linatokea, nikishona linakatika

Swali: Nashona mashuka ya viraka hapa Tandika, Dar es Salaam. Nikisimamisha vioo viwili vidogo juu ya picha ya kitenge au kanga, naona ua zuri la pembe sita. Lakini nikikata pembetatu sita za picha ileile na kuziunga, ua silioni. Picha inazunguka kama pangaboi, mistari haikutani, na katikati panavimba. Nakosea wapi?

Jibu: Dada, hesabu yako ya sita ni sahihi. Vioo vikikaa kwa nyuzi 60 unaona picha sita, ila tatu kati ya hizo zimegeuzwa, kulia kumekuwa kushoto. Wewe umekata sita zote zikitazama upande mmoja, kwa hiyo ukingo wa kushoto wa kiraka unaungana na ukingo wa kulia wa jirani yake. Hapo ndipo ua linapokatika.

Kwa kitenge cha waksi dawa ni rahisi, maana rangi imeingia pande zote mbili. Kata sita, geuza tatu ndani nje, kisha panga moja ya kawaida, moja iliyogeuzwa, hadi uzunguke.

Kanga haikubali hivyo, nyuma yake imepauka. Lakini tandaza kanga nzima sakafuni uitazame: nyingi zina picha ya korosho upande wa kushoto inayotazamana na mwenzake wa kulia. Kata tatu huku na tatu kule. Kanga moja isipotosha, doti inakupa mbili zenye picha ileile. Jina usiliguse, maneno yakigeuzwa hayasomeki. Mimi hulikata ukanda mzima nikalishona kwenye pindo la shuka, na wateja hulipenda kuliko maua yenyewe.

Halafu kuna mshono. Ukishona kwa robo inchi, ile ncha ya katikati inaliwa nusu inchi nzima. Jicho la korosho ulilolipenda kwenye kioo linaweza kuzama lote. Basi pale vioo viliposimama piga chaki, huo ndio mstari wa kushona, na mkasi upite robo inchi nje yake.

Kuvimba kunatokana na mshazari, yaani kukata kwa kuinama bila kufuata nyuzi za kitambaa. Pembetatu hii lazima iwe na kingo za mshazari, na zinavutika hata kwa kushikwashikwa tu. Fua kitambaa kwanza kirudi, kitie uji mwepesi wa muhogo, kipige pasi kikauke kabisa, ndipo ukate. Ukishaunga, pasi uibandike na kuiinua, usiiburute. Choma pini kwenye nukta ileile ya picha kwa kila kiraka, usitegemee kingo peke yake.

Usishone sita kwa kuzunguka. Unga tatu, kisha tatu nyingine, upate nusu mbili. Weka rula kwenye ukingo mrefu wa kila nusu: ukiona tumbo, fumua na urekebishe hapohapo. Zikinyooka, ziunge kwa mshono mmoja, na uufungue kwa pasi huku na huku ili katikati pasirundikane.