Kulenga visahani kwa bunduki nzito za kale: kwa anayeanza na geji 10 na geji 8

Bunduki ya marisau (punje ndogo za risasi) ya geji 8, iliyotengenezwa karne ya 19 kwa ajili ya kuwinda ndege wa majini, huwa na uzito wa kilo 5 hadi 7. Hiyo ni karibu mara mbili ya geji 12 ya kawaida. Geji ni kipimo cha upana wa mtutu: namba ikiwa ndogo, mtutu ni mpana zaidi. Anayeishika mara ya kwanza huogopa teke lake, lakini cha kuogopwa kwanza ni hali ya bunduki yenyewe.

Anza na chapa zilizo chini ya mitutu, karibu na chemba, yaani sehemu risasi inapokaa. Bunduki za Uingereza hupigwa chapa ya majaribio ya London au Birmingham, na chapa hizo huonyesha geji na kama ilijaribiwa kwa baruti nyeusi au kwa baruti isiyo na moshi. Iliyojaribiwa kwa baruti nyeusi ipewe baruti nyeusi tu, hata kama risasi ya kisasa inaingia vizuri kwenye chemba. Kisha kumbuka kwamba chapa inaeleza mtutu ulivyokuwa siku ya majaribio. Huenda tangu hapo umesuguliwa ndani mara kadhaa kuondoa kutu, na kila msuguo unaula ukuta wa chuma. Mpe fundi wa bunduki aupime unene kuanzia chemba hadi mdomoni, kwa sababu sehemu nyembamba ya hatari mara nyingi iko pale pale mkono wa mbele unaposhika.

Urefu wa chemba nao upimwe, usikisiwe. Geji 10 za kale zina chemba za mm 67 au mm 73, ilhali geji 10 ya kisasa yenye nguvu hutumia ganda la mm 89. Urefu ulioandikwa kwenye risasi ni wa ganda likiwa limeshafunguka. Ganda refu katika chemba fupi huingia bila shida, likalipuka, kisha mdomo wake ukakosa nafasi ya kufungukia. Njia ya marisau inabanwa na shinikizo linapanda ghafla.

Kuna jaribio moja unaloweza kulifanya mwenyewe mezani. Ondoa ubao wa mbele unaoshikwa chini ya mitutu, ning'iniza mitutu kwa kidole kwenye ndoano yake, halafu igonge kidogo kwa kijiti cha mti. Ikilia kama kengele, utepe unaoiunganisha umeshika. Ikitoa sauti iliyokufa, au mtetemo wa kitu kilicholegea, lehemu imeachia mahali. Tazama pia nyufa za kitako nyuma ya mitambo. Ubao ulionyonya mafuta kwa zaidi ya miaka mia huwa laini, na hapo ndipo teke linapoupasulia.

Sasa teke. Watengenezaji wa zamani walikuwa na kanuni kwamba bunduki iwe na uzito mara 96 ya marisau inayorusha. Marisau ya gramu 57, yaani wakia 2, yanadai bunduki ya kilo 5.5 hivi. Kisahani, kile kinachorushwa hewani kama shabaha, hakihitaji mzigo huo. Kina upana wa mm 110 na huvunjika kwa punje chache tu. Geji 8 ya kilo 6 ikirusha gramu 42 humtendea mpigaji kwa upole kuliko wengi wanavyotarajia: teke lake ni msukumo mrefu wa polepole begani. Anayeshindilia mzigo mkubwa ili "kuitendea haki" bunduki hupata maumivu, hufumba macho, na kuanzia risasi ya sita anakosa kila kitu.

Faida ya mtutu mpana iko kwingine. Gramu 57 ndani ya geji 8 husimama kimo cha mm 24 hivi. Ndani ya geji 12 zingefika mm 32. Kadiri safu inavyokuwa fupi, ndivyo kubondwa kwa punje za chini kunavyopungua wakati wa kulipuka, na punje zilizobaki duara huruka pamoja. Lakini upana wa mtutu haupeleki marisau mbali zaidi. Umbali wa mwisho unategemea hasa ukubwa wa punje: punje ya mm 2.4 hufika takriban mita 190 na ya mm 3.3 takriban mita 260, iwe imetoka geji 12 au geji 8. Kwa hiyo muulize msimamizi wa uwanja ukubwa wa punje anaoruhusu kabla hujafungua sanduku. Marisau ya chuma cha pua au chuma cha kawaida yasikaribie mitutu hii.

Katika kupiga, kosa kuu la wageni ni kuiendesha kwa mikono. Bunduki nzito huchelewa kuanza na huchelewa kusimama. Weka miguu ukielekea mahali unapotaka kuvunja kisahani, rudisha kiuno kuelekea upande ambao kisahani kitatokea, kisha geuka kwa nyonga huku mtutu ukianza kutembea mapema, kabla kitako hakijafika begani. Ukishapata mwendo, uache uzito ufanye kazi yake na usisimame kuhakiki umbali unaolenga mbele ya kisahani. Baruti nyeusi itaficha kisahani kwa moshi hata hivyo, kwa hiyo endelea kugeuka baada ya mlio. Chagua visahani vinavyokatiza mbali au vinavyokuja juu kuelekea kwako. Vile vya kuchomoka ghafla viachie bunduki nyepesi. Mikono ikianza kutetemeka, pumzika, kwa kuwa mtutu huinama na unaanza kupiga chini ya shabaha.

Mwanzoni weka risasi moja tu. Mitambo iliyochakaa inaweza kuachia nyundo ya pili kwa mshtuko wa ya kwanza, na teke linaweza kusukuma kidole kutoka kifyatulio cha mbele hadi cha nyuma. Mizigo miwili ya geji 8 kwa pamoja huumiza mtu na kupasua kitako. Ili kujua, weka risasi ya bandia mtutu wa pili, vuta nyuma nyundo zote mbili hadi zinase, piga wa kwanza, kisha angalia kama ile ya pili imeanguka. Ikiwa imeanguka, bunduki irudi kwa fundi. Risasi ikikataa kulipuka, elekeza mtutu uwanjani na usubiri sekunde 30 nzima kabla ya kufungua. Na risasi nyembamba zaidi, za bunduki nyingine, zisikae mfuko mmoja na hizi: huteleza mbele, hukwama, na kuziba njia ya inayofuata.

Usafi hufanyika siku hiyo hiyo. Masalia ya baruti nyeusi ni chumvi inayovuta unyevu, na mafuta hayaiyeyushi. Tumia maji ya moto, pitisha kitambaa hadi kitoke cheupe, kausha kabisa, ndipo upake mafuta. Kesho yake pitisha kitambaa kingine; kikitoka na rangi ya kahawia, rudia kuanzia kwenye maji.