Mwanangu kaijua siri yetu, sasa namuogopa

SWALI: Shikamoo dada. Nna kijana wa miaka 16, yuko form three, ila ukweli sikumzaa mimi, kamzaa mdogo wangu akiwa sekondari, na enzi zile binti akipata mimba ndo basi tena shule, kwahiyo mama akaamua mtoto awe wangu na ikaishia hapo. Mama yake mzazi anamwita mama mdogo. Juzi kati alikuwa anatafuta cheti chake kwenye begi la makaratasi na humo kulikuwa na tangazo la kizazi, lile karatasi la hospitali la mtoto kuzaliwa, lenye jina la mdogo wangu kama mama. Hajasema kitu. Ila tokea hapo hali chakula na sisi, usiku namsikia anatembea sebuleni, picha zake zote kazitoa kwenye albamu, jana namwita kula kasimama mlangoni kaniuliza taratiibu, "Mama, hivi mama mdogo aliacha shule mwaka gani?" Nilishindwa kujibu. Bibi yake anasema kachezewa, twende kwa mganga. Nifanyeje?
Mama K, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Mtoto hajachezewa, anajua. Mtu akishauliza mwaka ujue hesabu keshapiga, anasubiri wewe ufungue mdomo, na kila siku unayonyamaza anaona bado unamdanganya, hapo ndo hasira inapokua. Kwa mganga usimpeleke, ataona mmemfanya yeye ndo mgonjwa wakati siri ni yenu.

Sikulaumu kwa mlichofanya, ruhusa ya mabinti waliojifungua kurudi shule imetangazwa Novemba 2021 tu, mlikuwa mnamuokoa mdogo wako. Ila sasa hivi bibi hana kauli ya mwisho, Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 6 inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake wa kumzaa na inakataza mtu kumnyima.

Mpigie mdogo wako leo, aje, mkae na kijana watatu tu, bila bibi bila wajomba. Anza wewe: "Lile karatasi uliloliona ni kweli." Alafu mama yake aeleze mwenyewe. Atauliza baba ni nani, hilo mliongee nyie wawili kabla, na hata kama habari yake ni mbaya msitunge baba mwingine, nakuomba sana, uongo wa pili hatausamehe. Akipiga kelele au akitoka nje muacheni atoke, ila mtu mzima mmoja ajue alipo. Na usimlazimishe abadilishe anavyowaita, ataamua mwenyewe.

Kinachonitia hofu ni zile picha. Ukimsikia anaongelea kufa, anagawa vitu vyake au anajikata, usingoje kikao chochote, nenda nae hospitali ya mkoa siku hiyohiyo, na namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure, piga hata usiku. Hata asipofika huko, muone afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri yenu, apate mtu wa kuongea nae ambae sio wa ukoo.