Kwa mnaoanza kufanya kazi na Wajapani

Ndugu zangu, wengi mtakaowapokea ni vijana wa kujitolea wanaoletwa na JICA, shirika la serikali ya Japani la ushirikiano wa kimataifa. Mpango wao ulianza mwaka 1965 na ukafika Tanzania miaka michache tu baadaye. Kwa kawaida hukaa miaka miwili, mara nyingi Mjapani mmoja peke yake katika shule ya wilayani. Kiswahili huanza kujifunza huko kwao kabla ya safari, kwa hiyo ukimuuliza "Habari za kazi?" atakujibu "Nzuri" bila kusita. Jibu hilo lisikutoshe.

Akielemewa na mawazo, si rahisi akwambie. Atalalamikia kichwa, tumbo au kukosa usingizi, maana anachoogopa zaidi ni kukusumbua. Muulize mambo madogo: jana ulikula nini, ulilala saa ngapi? Nimemwona mwalimu aliyekuwa akifika kabla ya kengele akianza kuchelewa, shati halijapigwa pasi, madaftari ya wanafunzi yamelundikana mezani hayajasahihishwa, na kila akiulizwa anatabasamu na kuomba radhi. Ukiona hivyo usingoje mwisho wa muhula.

Muulize pia anameza dawa gani ya kuzuia malaria. Meflokwini, ile ya mara moja kwa wiki, huweza kuleta ndoto za kutisha, wasiwasi, hata sonona. Dalili hizo zikianza, daktari aambiwe siku hiyo hiyo.

Sisi mgonjwa tunamjazia nyumba. Wengi wao umati huwachosha. Aende mtu mmoja aliyemzoea, apeleke chakula, akae kidogo, kesho arudi. Ila akitamka habari za kutaka kufa, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, wala usimwahidi kwamba utamfichia siri. Piga simu ofisi iliyomleta. Namba hiyo uwe nayo tangu siku anayoripoti, pamoja na ya ubalozi wake. Balozi nyingi za Japani zina daktari wao anayeweza kushauri.

Kuongea Kijapani na mtu wa kwao kunasaidia sana, lakini angalieni saa. Saa nne usiku Dar es Salaam, Tokyo ni saa kumi alfajiri, nyumbani kwao wamelala. Saa tisa alasiri ndiyo nzuri, kule ni saa tatu usiku. Mpunguzie vipindi vya mchana, na kama kijijini mtandao haushiki, mpeleke unaposhika.