Bledi ya pini au isiyo na pini?

Ndugu, umeuliza kama ule msumeno mdogo wa nakshi (mashine ya mezani yenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka) unaoshika bledi za pini peke yake, yaani zenye kijipini kilichopita kila ncha, utakutosha kukata majina ya watoto na vichezeo hapo kwako mtaa wa Umoja, Nairobi. Ukingo wa nje utakata vizuri tu. Shida ni ndani ya herufi. Kwenye "a" au "e" lazima utoboe kwanza, upitishe bledi, ndipo uifunge tena. Bledi ya pini inataka tundu la milimita 5 hivi. Isiyo na pini inapita kwenye la milimita 2. Herufi ikiwa ndogo, tundu la pini limeshaimaliza.

Kwa hivyo tafuta unaoshika bledi za inchi 5 zisizo na pini, wenye swichi ya kupunguza kasi. Nafasi ya inchi 16 kutoka bledi hadi nguzo ya nyuma ya mashine inatosha.

Wangu niliuchukua mtumba mjini. Kufika nyumbani, kibandiko kinasema volti 110! Stima yetu ni 240, nikanunua na transfoma ya kupunguza volti. Soma kibandiko kwanza. Halafu ufunge msumeno mezani kwa bolti usitetemeke, ama jirani wa chini atapanda kukuuliza kelele ni za nini.