Papai Bichi kwa Nyama, Bivu kwa Tumbo

Mhariri, wiki hii mmeuliza: nyumbani kwenu papai lina kazi gani zaidi ya kumenywa na kuliwa? Mimi huchoma mishikaki jioni hapa Kisenyi, Kampala, na papai langu ni bichi, lile ambalo ukilichanja linatoa utomvu mweupe kama maziwa. Pale sokoni Owino muuzaji hunionea huruma: “Paapaali (papai) hili litaiva wiki ijayo, mama.” Namwambia leo usiku litakuwa limeisha.

Nyama ya bei ninayoimudu ni ya ng’ombe aliyezeeka, ngumu kama kamba. Basi nalikwangua papai pamoja na ganda lake, maana utomvu umejaa hapo. Mkononi navaa kaveera, yaani mfuko wa plastiki, kwa sababu utomvu huo unawasha. Vijiko viwili kwa kilo moja, tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, chumvi. Saa moja tu, kisha jikoni kwenye makaa.

Hiyo saa moja nimeilipia. Kwa harusi ya shemeji yangu nililaza kilo tano na papai usiku kucha, nikidhani itazidi kulainika. Asubuhi kila nikichomeka kijiti, kipande kinapasuka. Bibi harusi alikula kababu.

Kinachofanya hivyo ni kimeng’enya kiitwacho papaini, kinachokatakata protini. Moto mkali hukiua, kwa hiyo kutupia papai kwenye sufuria inayotokota ni kupoteza papai.

Sasa majirani huniambia nimalizie nyama kwa papai bivu ili “lisage” tumboni. Hapo nabisha. Papai likiiva, utomvu wake hupungua sana, na papaini hupungua nao. Bivu lina kazi nyingine: maji na nyuzinyuzi zake hulainisha choo. Mwezi wa Ramadhani, tukila vikavu na maji machache, ndilo linalotuokoa. Mama yangu alikuwa akitukatia vipande wakati wa daku, anakamulia ndimu, na hakuna aliyeinuka kabla sahani haijaisha.

Mbegu nazikausha na kuzisaga. Zinawasha kama pilipili manga, na watoto wangu huzitambua hata nikizificha kwenye mchuzi. Mchuzi wa papai bichi nao naupika, ila mgeni akiwa mjamzito namtengea maharage, kwa usalama wake.

Msomaji, Kisenyi, Kampala