Soma Aya, Achana na Alama: Majibu kwa Wasomaji

Barua za mwezi huu karibu zote zimeuliza jambo moja kwa maneno tofauti: albamu fulani mpya ya roki au ya pop imepewa alama ngapi huko nje, na je, ni nzuri? Nimechagua chache. Ambao barua zao hazimo, jibu la kwanza ni lenu.

Albamu niliyotaka kuinunua imepewa 6.4 kati ya 10. Niiache? (Msomaji, Jinja)

Umeisikiliza? Barua yako ina mistari kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja unaotaja wimbo uliokugusa au uliokuchosha. Swali hili nimelijibu mara nyingi. Nalijibu tena kwa sababu linawanyima watu muziki mzuri.

6.4 ndiyo alama ambayo Pitchfork, jarida la mtandaoni la Marekani linalohakiki muziki, liliipa albamu ya Discovery ya Daft Punk mwaka 2001. Mwaka 2021 jarida hilohilo likazipima upya albamu 19, na Discovery ikapanda hadi 10. Albamu ya Liz Phair ya mwaka 2003, iliyokuwa imepewa 0.0, ikapanda hadi 6.0. Katika rekodi zenyewe hakuna kilichobadilika. Yalibadilika masikio ya wanaozipima.

Hizo mbili zilitolewa na kampuni kubwa, zenye fedha za kuvumilia kipigo. Mwanamuziki huru hana godoro la kuangukia. Mwaka 2004 Arcade Fire walitoa Funeral kupitia lebo ndogo ya Merge, wakapewa 9.7, na lebo ikazidiwa na wanunuzi hadi nakala zikaisha. Mwaka huohuo Travis Morrison akatoa Travistan, akapewa 0.0. Mwaka 2009 alitangaza kuacha muziki, ingawa baadaye alirudi na bendi yake ya zamani. Tarakimu mbili na nukta katikati, na mmoja anapaa, mwingine anazikwa.

Kwa hiyo soma aya. Mhakiki anayeijua kazi yake atakuambia gitaa limekaa mbele au nyuma, ngoma zimerekodiwa kwa karibu au kama zinapigwa chumba cha jirani, mwimbaji anasema nini na anakisema kwa sauti ya namna gani. Ukishajua masikio yake hupenda nini, hata lawama zake zitakufaa. Nina albamu kadhaa nilizozinunua kwa sababu mhakiki alilalamika kwamba sauti ya mwimbaji imezama chini ya magitaa. Mimi hupenda sauti iliyozama.

Indie ni mdundo gani hasa? (Msomaji, Ntinda)

Si mdundo. Ni suala la nani anaimiliki rekodi: kama si Universal, Sony wala Warner au matawi yao, basi iko huru. Kwa kipimo hicho wanamuziki wengi wa Uganda ni huru, wakiwemo wazee wa kadongo kamu, muziki wa gitaa wa Kiganda. Hili nimelieleza mara tatu mwaka huu, tafadhali tusirudi tena.

Kwa nini Wazungu wanazisifu bendi za Kampala ambazo hata mtaani hazijulikani? Hawatudanganyi? (Msomaji, Kasese)

Hawatudanganyi. Wanaandika walichokisikia. Sisi ndio hatuandiki.

Chukua Nihiloxica: wapiga ngoma kutoka Nilotika Cultural Ensemble ya hapa Kampala, pamoja na wanamuziki wawili Waingereza. Albamu yao Kaloli ilitoka mwaka 2020 kwa Crammed Discs, lebo huru ya Ubelgiji. Hakiki za Ulaya nilizozisoma zinausifu uzito wake na giza lake, na ni kweli, ni nzito, sauti za sinthesaiza zinakwaruza kama mabati. Lakini mhakiki wa London lazima kwanza amweleze msomaji wake kaloli, yule korongo mkubwa mla mizoga, ni ndege gani. Wa Kampala hahitaji kuelezwa. Amewaona wamesimama juu ya taka za Kiteezi, jalala la jiji, vichwa vipara, wakingoja. Yule wa London anaandika "ngoma za Kiafrika" na kuendelea na safari yake. Aliyekulia Buganda anaisikia engalabi inapoingia, ile ngoma ndefu iliyowambwa ngozi ya kenge, na anakumbuka usiku wa kumaliza matanga, okwabya olumbe, ambapo ngoma hiyo haikosi. Anajua kwa nini moyo unashtuka. Uhakiki huo haujaandikwa na mtu wa Ulaya kwa sababu hawezi kuuandika, na hapa nyumbani haujaandikwa kwa sababu kurasa zetu za burudani zimejaa habari za nani ameachana na nani.

Au chukua Duma, Wakenya wawili wanaopiga metali ya kasi iliyochanganywa na kelele za kompyuta. Albamu yao ilirekodiwa hapahapa Kampala na kutolewa na lebo ya hapa, Nyege Nyege Tapes, mwaka 2020. Uhakiki wa kwanza niliousoma ulitoka nje ya bara hili. Niliona haya, na bado naona.

Unasema hazijulikani mtaani. Zitajulikanaje bila mtu wa kumwambia jirani yake zina nini ndani? Nami nakuomba wewe mwenyewe, ndugu yangu wa Kasese: sikiliza Kaloli mara mbili, uniandikie aya moja, hata kama umeichukia. Nitaichapisha.

Nasikia Pitchfork imefungwa. (Msomaji, Mbarara)

Haijafungwa. Januari 2024 wamiliki wake, Condé Nast, waliiweka chini ya jarida la wanaume la GQ na kuwaachisha kazi wafanyakazi wengi. Inaendelea kuchapisha hakiki. Kinachonitia hofu ni kingine: kadiri wahakiki wa kuajiriwa wanavyopungua, ndivyo maneno ya mawakala wa wasanii yanavyonakiliwa na kuitwa uhakiki. Ukiona makala haina hata sentensi moja ya kutoridhika, hiyo imeandikwa na anayeuza.

Nimetoa EP ya roki yenye nyimbo tano. Mwandishi mmoja ananidai shilingi 300,000 ili aihakiki. Nimlipe? (Msanii, Gulu)

Usimlipe. Ukimlipa, umenunua tangazo, na ni tangazo ghali kwa mtu ambaye bado ana deni la studio. Nilipoanza kazi hii, mhariri wangu aliniletea bahasha ya msanii pamoja na maneno ya kuandika. Nilikataa, na ukurasa wangu ukapewa mwingine kwa miezi minne. Sijuti, ila nataka ujue kwamba desturi hii haiwaumizi wasanii tu. Inawafukuza waandishi ambao wangekusikiliza kwa haki.

Fanya hivi. Wiki nne au sita kabla ya kutoa, watumie wahakiki wachache kiungo cha siri cha kusikiliza, si mafaili makubwa ya kuwajazia simu. Ambatisha ukurasa mmoja: nani alipiga nini, ilirekodiwa wapi, mashairi, na tafsiri yake kama umeimba Kiacholi. Usijiite mfalme wa chochote. Taja siku ya kutoa, na iwe Ijumaa ukitaka kwenda na dunia, maana tangu Julai 2015 albamu mpya hutoka Ijumaa katika nchi nyingi.

Hujauliza, lakini nakuonya. Kwa sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006, kazi yako inalindwa tangu ilipowekwa kwenye rekodi. Hata hivyo, nenda URSB, ofisi ya serikali ya usajili, ukaisajili, kwa sababu siku ya ugomvi utatakiwa ushahidi. Pia usiitegemee Spotify kwa kodi ya nyumba: tangu 2024, wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12 hauhesabiwi malipo ya rekodi. Weka kazi yako vilevile Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni. Wao hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, na mnunuzi mmoja wa kweli atakufaa kuliko wapitaji mia.

Diamond Jubilee ya Cindy Lee inasifiwa sana, lakini ni saa mbili! Bando langu litapona? (Msomaji, Arua)

Swali zuri, na wahakiki wa nje hawaliwazi kamwe. Albamu hiyo ya mwaka 2024 ina nyimbo 32, ikapewa 9.1 na Pitchfork, na mwanzoni haikuwekwa kwenye majukwaa ya kawaida ya kusikiliza. Ilikuwa YouTube kama faili moja refu, na kwenye tovuti ya mwenyewe.

Hesabu ni rahisi. Saa mbili kwa ubora wa kilobiti 96 kwa sekunde ni kama MB 86. Kwa kilobiti 320 ni kama MB 288. Ukiifungua YouTube na picha ikiwa juu utalipa zaidi bila sababu, na juu ya bando tayari kuna kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Ipakue mara moja, usikilize mara ishirini. Na isikilize kwa vipande, nyimbo nane kwa jioni moja. Magitaa yake yana mlio wa redio ya zamani inayoshika mawimbi kwa shida, na ukikaa nayo saa mbili mfululizo masikio yatachoka kabla ya nyimbo bora za mwisho.

Hakiki mbaya si wivu tu? (Msomaji, Wandegeya)

Hapana.

Nilijaziwa albamu kwenye flashi ya kusikiliza garini. Mhakiki anasema inaanza polepole na kuisha kwa kishindo, yangu inaanza kwa kishindo. Nani mwongo? (Msomaji, Mbale)

Hakuna mwongo. Aliyekujazia ameacha majina ya nyimbo bila namba, na redio ya gari lako inazipanga kwa alfabeti. Tafuta orodha halisi ya albamu, fungua flashi kwenye kompyuta, kisha uandike 01, 02, 03 mbele ya kila jina. Redio nyingine hufuata mpangilio wa kunakili. Ikiwa yako ni hivyo, futa zote na uzinakili upya mmoja mmoja kwa zamu. Ukimaliza, isikilize kuanzia wa kwanza, ndipo uusome tena uhakiki ule. Na wanamuziki hao wakiwa hai na wanauza kazi yao, wanunulie nakala moja.