Mawaridi yanalegea shingo siku ya pili, tatizo nini?

SWALI: Habari dada. Nakaa Tabata, huwa nanunua mawaridi kumi hivi ya kupendezesha sebule ila siku ya pili tu shingo zishalegea, yanainama hata hayajafunguka vizuri. Nimeweka Panadol kwenye maji, nimeweka sukari, wapi. Nikakata bogenvilia ya ukutani, asubuhi inawaka mchana imeshasinyaa. Uani nina krotoni, mpera, mchaichai na mti mmoja wa maua ya pinki, majani yake membamba marefu. Naweza kupata kitu hapo? Feni inawaka muda wote na nina mtoto wa miaka miwili.

JIBU: Salama mdogo wangu. Tuanze na mawaridi maana hapo ndo hela inapotelea. Shingo kulegea sio uzee wa ua, ni kiu. Ndani ya kikonyo kuna mirija midogo midogo inayopandisha maji, sasa maua mengi ya Dar yanashuka toka Arusha huko, njiani yanakaa bila maji, kile kidonda cha chini kinavuta hewa na hewa ikishaingia maji hayapandi. Ukifika nyumbani ukayatumbukiza tu kwenye vesi bila kukata tena umeyafungia mlango. Chukua kisu kikali (mkasi wa jikoni unabana mirija), kata sentimita 2 au 3 kwa mshazari, ikiwezekana ncha ikiwa ndani ya beseni la maji, alafu toa majani yote yatakayozama. Majani yakizama yanaoza, bakteria wanazaliana wanaziba mirija, na wewe ukiwawekea sukari peke yake umewapikia pilau.

Panadol haifanyi kitu, itunze ya kumeza kichwa kikikuuma. Dawa ya nyumbani ninayoiamini ni hii: lita moja ya maji, sukari kijiko kimoja cha chakula, ndimu iliyokamuliwa vijiko viwili vya chakula, jiki nusu kijiko cha chai. Sukari chakula, ndimu inafanya maji yapande kirahisi, jiki inaua bakteria. Maji yatangulie kwanza ndo uweke vingine, usije ukamimina jiki juu ya ndimu tupu, ile hewa yake inakaba kifua. Badilisha kila baada ya siku mbili na vesi uisugue na sabuni, sio kusuuza tu. Tena kwa Dar usichezee hii maana maji yaliyosimama ndo nyumba ya mbu wa dengue, 2014 na 2019 si tuliona wenyewe.

Waridi likishalegea usitupe haraka. Likate tena, funga yote pamoja kwenye gazeti shingo zikiwa zimenyooka, simamisha kwenye ndoo ya maji mengi chumba chenye giza masaa mawili matatu. Mengi yanarudi.

Feni sasa. Upepo unakausha petali haraka kuliko kikonyo kinavyonyonya, kwaiyo vesi isikae chini ya feni wala kwenye njia ya AC, wala dirisha la jua la mchana. Na usiyaweke karibu na bakuli la matunda, ndizi na maembe yakiiva yanatoa gesi inayozeesha maua, hii watu wengi hawaijui wanapanga vyote meza moja kwa sababu inapendeza.

Bogenvilia ni mkaidi. Ile rangi sio ua, ni majani, ua lenyewe ni kale kamrija keupe ka katikati. Kata alfajiri, nenda na ndoo ya maji hapo hapo ukutani, chukua tawi lililokomaa sio kichipukizi, nyonyoa majani yote ya kijani ibaki rangi tupu, pasua ncha kidogo alafu izamishe mpaka karibu na shingo masaa kadhaa kabla ya kuingiza sebuleni. Hata hivyo usitegemee wiki, kwa joto letu hili mi naitumia siku ya wageni tu.

Mimi ningekuwa wewe ningeacha kabisa kununua kumi. Nunua matatu. Mwili wa pambo utoke uani: krotoni ndo mfalme wa Dar, ikikatwa inakaa kwenye maji wiki kadhaa na nyingine inaota mizizi kabisa, sema utomvu wake unatia madoa nguo kwaiyo vaa kanga ya zamani. Weka tawi la krotoni lenye urefu kama mara moja na nusu ya chombo, la mpera pembeni liegemee upande mmoja, mchaichai kidogo kwa harufu, alafu mawaridi matatu uyakate mafupi yakae mdomoni mwa chombo, kikonyo kifupi kinakunywa vizuri zaidi. Yasipokaa sawa kunja kipande cha wavu wa kuku ukitumbukize ndani, ile sponji ya kijani ya kuchomekea maua achana nayo, ni plastiki inayosagika. Chombo chochote, jagi, hata dele la kahawa la bibi, ila la shaba weka glasi ndani maana jiki inakula shaba. Mtungi nao unavuja jasho, utaharibu meza.

Huo mti wa pinki kwa ulivyoueleza nahisi ni olianda. Usiuingize ndani kabisa, ni sumu kuanzia jani mpaka ua, hata maji ya vesi yake, na mtoto wa miaka miwili kila kitu anapeleka mdomoni. Hata kuni zake usichome. Nitumie picha ya majani kwa karibu nikuhakikishie, ila kabla ya hapo usiuguse.